Lami chakavu, simenti na uzi: ufa ndio wa kuulizia

Mtaani kwetu Tabata tulichangishana tukanunua tipa mbili za lami chakavu. Njia yetu ni ya udongo, na kila masika inageuka tope ambalo hata bajaji zinalikwepa. Kwa hiyo mjumbe aliposikia kwamba kuna barabara kubwa inakwanguliwa na kifusi chake kinauzwa, hakuna aliyebisha. Dereva wa tipa alimwaga mzigo, akashuka, akapiga teke bonge moja jeusi na kusema, "Bosi, hii ikipigwa jua mwezi mmoja hutaamini macho yako."

Alisema kweli, ila nusu. Januari, jua la Dar lilipokolea, vile vipande vilishikana, njia ikawa nyeusi na imelala vizuri, bodaboda zikaanza kupita kwa kasi ya kutisha watoto. Kisha likaja boza la maji, lile linalojaza matangi ya nyumba za mwisho wa mtaa. Halikuvunja kitu. Lilisimama pale karibu saa nzima likipakua, na lilipoondoka tukakuta magurudumu yameacha mifereji miwili, kina chake vidole vitatu. Kila lilipokuja tena mifereji iliongezeka kina, na mvua za Machi zilipoanza tukawa na madimbwi mawili marefu sambamba, kama reli.

Mjumbe alinifuata nyumbani, kwa kuwa anajua nashinda maabara nikipima vifaa vya ujenzi. Jibu fupi nililompa ni kwamba tulinunua kitu ambacho si kokoto wala si lami, tukakitegemea kifanye kazi ya vyote viwili. Jibu refu ndilo hili.

Rundo jeusi lina nini

Kiswahili chetu kinaita "lami" vitu viwili. Kuna ule utomvu mweusi unaotokana na mafuta ghafi, ambao hapa nitauita bitumeni ili tusipotezane, na kuna mchanganyiko mzima tunaoukanyaga barabarani. Katika mchanganyiko huo bitumeni ni kidogo mno, kama asilimia 5 ya uzito. Asilimia 95 ni mawe: kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Ukikwangua kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7 na lami ya unene wa sentimita 10, unapata takriban tani 1,600, na zaidi ya tani 1,500 kati ya hizo ni mawe.

Mawe si jambo dogo Dar. Jiji limekalia mchanga na udongo. Mawe ya Kunduchi ni ya matumbawe, yanafaa kwa mambo mengi lakini ni laini. Kokoto ngumu, kila anayejenga anajua, zinatoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100, na zinaingia mjini kupitia Chalinze, Mlandizi, Kibaha na foleni ya Mbezi. Bitumeni nayo yote tunaiagiza nje kwa meli. Kwa hiyo rundo la lami chakavu lililoachwa kando ya Barabara ya Mandela ni Lugoba ambayo imeshalipiwa nauli, na juu yake kuna mafuta yaliyoshalipiwa kwa fedha za kigeni. Kulitupa bondeni ni ufujaji wa aina ambayo hatuioni kwa sababu ina rangi ya uchafu.

Kwa nini basi isipashwe moto ikawa lami mpya? Inawezekana, na inafanyika. Marekani walianza kulichukulia jambo hili kwa uzito baada ya bei ya mafuta kuruka mwaka 1973, na leo hurudisha barabarani makumi ya mamilioni ya tani kila mwaka. Lakini bitumeni ya zamani imechoka. Miaka ya jua na hewa imeiunganisha na oksijeni, ikakauka na kuwa ngumu; ukiirudisha kwa wingi kwenye mchanganyiko mpya bila kuihudumia, lami yako inazaliwa ikiwa mzee. Ndiyo maana mara nyingi sehemu tu ndiyo hurudi juu, na iliyobaki hutafutiwa kazi chini, kwenye tabaka la msingi.

Msingi ndio unaobeba barabara. Ile lami tunayoiona ni ngozi, pengine sentimita 5 tu kwenye barabara nyingi za mitaa. Chini yake kuna sentimita 15 au zaidi za kokoto au changarawe zilizoshindiliwa, na hizo ndizo zinazopokea uzito wa tairi na kuusambaza mpaka udongo laini wa chini uweze kuuvumilia. Tairi la lori hujazwa upepo wa psi 100 na kuendelea, mara tatu ya gari dogo, na mgandamizo unaoupata msingi unaendana na upepo huo.

Sasa weka lami chakavu mahali pa kokoto. Kila kipande kimevaa koti la bitumeni. Kokoto tupu zina makali, zinaumana, zinasuguana. Zenye koti zinateleza. Kwenye kipimo cha CBR, kinachoupa mchanganyiko alama kwa kuulinganisha na jiwe zuri lililosagwa lenye alama 100, changarawe ya msingi wa daraja la G80 katika mwongozo wetu wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 inatakiwa ifike 80. Lami chakavu peke yake kwa kawaida hubaki mbali chini ya hapo. Na kipimo hicho bado kinaipendelea, kwa sababu ni cha haraka. Bitumeni ni kama asali iliyoganda: ukiipiga inakataa, ukiiegemea inakubali taratibu. Gari linalopita haliioni shida hiyo. Boza linalosimama saa nzima juani linaiona.

Simenti inashika, kisha inapasua

Dawa ya kutiririka huko ni simenti. Chembe za simenti zikikutana na maji huota, na neno kuota nalitumia makusudi, kwa sababu kwenye hadubini unaona jeli ya kalsiamu na silika ikichipua vidole vinavyojifunga kwenye kila kilicho karibu. Vidole hivyo vikiiva, kipande cha lami chakavu hakiwezi tena kumteleza jirani yake.

Isipokuwa kwamba kuna lile koti. Bitumeni na maji havipatani, na uji wa simenti ni maji. Aliyewahi kupaka rangi ukuta uliomwagikiwa mafuta ya kula ananielewa: rangi inakaa, lakini haijashika. Ndiyo sababu kwa kiasi kilekile cha simenti, kadiri lami chakavu inavyozidi katika mchanganyiko, nguvu inapungua. Njia iliyozoeleka ni kuchanganya na mawe mapya, hasa vumbi la kokoto, ili simenti ipate nyuso safi za kushika na matundu yazibwe. Moramu nzuri nayo hufaa, mradi isiwe na udongo mfinyanzi mwingi.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 6 ya uzito. Mwongozo wa 1999 una madaraja ya matabaka ya simenti kama C1 na C2, na nguvu inayotakiwa ni megapaskali 1 na 2. Megapaskali moja ni kama kilo 10 kwenye kila sentimita ya mraba. Zege la nguzo ya nyumba ni 20 au 25. Kwa hiyo hatuzungumzii barabara ya zege kama njia za mwendokasi za Barabara ya Morogoro. Tunazungumzia kokoto zilizoshikizwa kidogo tu.

Mahali pasipo na mashine ya kumwaga simenti, kazi hufanywa kwa mifuko, na hesabu yake ni nzuri. Tabaka la sentimita 15 lina uzito wa kama kilo 315 kwa kila mita ya mraba. Asilimia 4 ya hizo ni kilo 12 na nusu hivi. Mfuko wa kilo 50 unatosha mita 4 za mraba. Basi vibarua wanapanga mifuko kwenye njia, mmoja kila mita 2 kwa 2, kama wanapanda minazi midogo. Wanaipasua kwa visu, wanatandaza kwa reki, na mashine inapita nyuma yao ikichanganya. Kwa kilomita moja ya mita 7 ni mifuko kama 1,760.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Kama mifuko 1,760 inafikisha megapaskali 2, je, tukiweka 3,000? Sampuli maabara zitafurahisha kila mtu. Nimeona ripoti ambazo zinasomwa kama matokeo ya mtihani wa darasa la saba, mwenye alama nyingi ndiye bora. Barabara haisahihishwi hivyo.

Simenti inapoiva na kukauka, inasinyaa. Tabaka lote linataka kufupika, lakini limekamatwa na ardhi chini yake, haliwezi kusogea. Linavutika. Na vitu vilivyoshikizwa kwa simenti ni hodari wa kukandamizwa lakini dhaifu wa kuvutwa. Nguvu yao ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Kwa hiyo tabaka linapasuka, kila baada ya mita chache, na kadiri ulivyoweka simenti nyingi ndivyo nyufa zinavyokuwa chache lakini pana. Zile nyufa za kukata barabara, zimenyooka utadhani zimepigwa rula, mara nyingi ndizo hizo: zilianzia kwenye msingi zikapanda hadi juu. Tofautisha na ngozi ya mamba, vipande vidogo vilivyoshikana kama magamba, ambayo ni dalili ya barabara iliyochoshwa na magari.

Ufa mpana kwa Dar ni mlango wa maji. Masika ikiingia, maji yanashuka, kila tairi linapopita yanashindiliwa chini na kurudi juu yakiwa yamebeba uji wa udongo. Utauona pembeni ya ufa, doa la tope jepesi juu ya lami nyeusi. Baada ya hapo kuna pango chini, na baada ya pango kuna shimo.

Halafu kuna uzito. Tunajua lori lililozidisha linaharibu, lakini msingi wa simenti una hasira za pekee. Kwa barabara ya kawaida, majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960 yalionesha madhara yanakua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa matabaka ya simenti, wasanifu wa Australia hutumia kipeo cha 12. Maana yake, ukiongeza mkazo kwa asilimia 20, kwa kanuni ya kwanza madhara ni mara mbili; kwa ya pili ni karibu mara tisa. Kitu kigumu hakichoki polepole. Kinaonekana kizima, kizima, kizima, kisha siku moja kimekatika.

Uzi haubebi lori

Ukiwa umekulia kijijini huhitaji kuelezwa wazo la nyuzi. Udongo wa kukandika nyumba hukatiwa nyasi ndani, na fundi akiulizwa atakwambia bila nyasi ukuta utapasuka ukikauka. Hajasema nyasi zinabeba paa. Paa linabebwa na miti. Nyasi zina kazi moja, kuzuia udongo usiachane.

Kwenye msingi wa barabara nyuzi zinazotumika zaidi ni za polipropilini, plastiki ileile ya mifuko ya sandarusi. Chukua sandarusi kuukuu, chomoa uzi mmoja, jaribu kuukata kwa mikono. Utakata ngozi yako kwanza. Nyuzi hizo hukatwa vipande vya sentimita moja hadi tano na kuchanganywa kwa kiasi kidogo sana, kwa kawaida kati ya asilimia 0.1 na 0.5 ya uzito. Inaonekana si kitu, mpaka uhesabu. Asilimia 0.2 ni kama kilo 4 katika kila mita ya ujazo. Kama uzi una urefu wa sentimita 2 na unene wa maikroni 30, yaani kama nusu ya unywele, kilo hizo 4 ni zaidi ya nyuzi milioni 300. Hakuna njia ambayo ufa unaweza kuifuata bila kukutana nazo.

Kinachotokea ufa unapofika kwenye uzi ndicho kiini cha mambo. Simenti inaachana, uzi umeshikwa pande zote mbili. Ili ufa upanuke lazima uzi uchomoke kama msumari kwenye ubao, na kila milimita ya kuchomoka inakula nguvu kwa msuguano. Ufa unachelewa. Mwingine unaanza pembeni, nao unachelewa. Fikiria msingi uliosinyaa milimita 3 kwa jumla: unaweza kuwa na ufa mmoja wa milimita 3, au nyufa kumi za milimita 0.3. Kusinyaa ni kulekule. Lakini kwenye ufa mwembamba mawe ya pande mbili bado yanaumana na kupokezana uzito, na lami ya juu ina nafasi ya kubaki nzima. Kwa viwango hivi vidogo vya uzi hupati kumi kwa moja kirahisi namna hiyo, sitaki kumdanganya mtu, lakini upande unaoelekea ni huo.

Ndiyo maana anayepima nyuzi kwa kukandamiza anapoteza muda. Silinda yenye uzi na isiyo na uzi zikikandamizwa hutoa namba zinazokaribiana, na uzi ukizidi namba hushuka. Tofauti inaonekana kwenye kuvutwa. Kuna njia ya kupima kuvutwa bila kuvuta, na ina hadithi. Mwaka 1943, Rio de Janeiro walikuwa wakifungua barabara pana ya Presidente Vargas, na kanisa la São Pedro lilikuwa njiani. Likaja wazo la kulihamisha zima zima juu ya magogo. Chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita, ikabidi magogo yawe ya zege, na mhandisi Fernando Lobo Carneiro akapewa kazi ya kuyapima. Alipoyalaza na kuyabana kutoka juu, yakagawanyika katikati, toka juu hadi chini. Akatambua kwamba ukilibana gogo ubavuni, ndani yake linavutwa kwenda pembeni. Kanisa mwishowe lilibomolewa. Wanaokaa Kimara na Mbezi wanajua hadithi za kupanua barabara zinavyoisha. Kipimo kikabaki, na kila maabara ya zege inakijua.

Kwenye kipimo hicho, silinda ya lami chakavu na simenti tupu inafika kileleni, inalia ta!, mshale unarudi sifuri na una vipande viwili mezani. Yenye uzi inafika karibu palepale, inapasuka, mshale unashuka, halafu unasimama njiani. Ufa unauona kwa macho, unaweza kuingiza ukucha, lakini ukiinyanyua silinda haiachani. Ukichora nguvu dhidi ya kupanuka kwa ufa, eneo lote lile chini ya mchoro baada ya kilele ndiyo faida uliyoilipia. Mkandarasi anayeleta ripoti yenye namba ya kilele peke yake hajakuonesha kitu.

Lami chakavu yenyewe ina mchango hapa, na huu ndio upande wa jambo ninaoupenda. Lile koti la bitumeni lililokuwa linanyima simenti mshiko linageuka msaada: ufa ukifika kwenye kipande, badala ya kukikata moja kwa moja unazunguka kupitia utando laini, na safari hiyo ndefu inaupunguzia kasi. Msingi wa lami chakavu na simenti huwa laini kidogo kuliko wa kokoto mpya na simenti, na kwa suala la kupasuka ulaini huo ni neema. Kila mmoja anamfunika mwenzake kasoro. Bitumeni inatiririka, simenti inaizuia. Simenti inakatika, uzi unaishika.

Lakini jua halijasahau. Mchana wa Februari uso wa lami nyeusi unaweza kufika nyuzi 60 (za joto, siyo za makala hii), na utando wa bitumeni ulioko chini unalainika kiasi chake. Sampuli iliyovunjwa kwenye chumba chenye kiyoyozi inasema uongo mdogo. Kwa Dar ningetaka ipimwe pia ikiwa imepashwa, na ipimwe baada ya kulowekwa.

Mkonge uingie au usiingie

Kila ninapoeleza haya kwa Mtanzania, swali linalofuata ni lilelile: kwa nini tununue plastiki wakati tuna mkonge? Swali ni halali. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida. Inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyotumwa ni 62 tu iliyofika hai Pangani. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, wa kwanza duniani. Uzi wake ni imara, na tofauti na plastiki una uso wa kukwaruza ambao simenti inaushika vizuri.

Shida yake ni kwamba ni mmea. Maji ya ndani ya simenti ni makali kama magadi, pH yake ni 12 na zaidi, na ukali huo unayeyusha gundi inayoshikilia vijinyuzi vya mkonge pamoja. Ukilowa na kukauka mara nyingi, madini ya simenti yanaingia ndani ya uzi, unakuwa mkavu wa kuvunjika kama tambi mbichi. Watafiti wamejaribu kuuchemsha kwanza kwenye magadi, kuupaka, au kupunguza ukali wa simenti kwa kuichanganya na majivu. Inasaidia kuuchelewesha uharibifu.

Maoni yangu, na ni maoni tu: tunauliza swali lisilofaa tunapotaka mkonge uishi miaka 20. Nyufa za kusinyaa huzaliwa ndani ya siku na wiki za mwanzo. Uzi unaoishi mwaka mmoja au miwili utakuwa umeshapita kwenye kipindi kibaya kuliko vyote. Mkonge ni mkunga. Kazi yake ni siku ya kuzaliwa. Ulinzi wa baadaye, wa malori yanayopita usiku na mchana, huo bado ningewaachia polipropilini, au ningeutafuta kwenye unene wa tabaka. Kwa njia za mitaa zisizo na malori mengi, mkunga pengine anatosha.

Plastiki nayo haina usafi wa kujivunia. Siku tabaka hilo litakapokwanguliwa tena, vijinyuzi vitatoka na vumbi na kufuata mitaro hadi Msimbazi, na kutoka hapo baharini.

Saa zinahesabika

Mapishi yote haya yanaharibikia kwenye kuchanganya. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Upepo ukivuma inapaa. Ukiimwaga kwa pamoja inajiviringa na kutoka mabonge kama pamba ya godoro, na bonge la uzi ndani ya msingi ni shimo linalosubiri zamu yake. Inatakiwa imwagwe kidogo kidogo, kwenye mchanganyiko wenye unyevu wa kutosha kuushika uzi lakini bila kuuelesha. Uzi ukiwa mrefu au mwingi kupita kiasi, rola haishindilii vizuri. Tabaka linarudi juu kama godoro la springi, hewa inabaki ndani, na nguvu uliyoilipia kwenye simenti inapotea. Kati ya uzi mwingi usioshindiliwa na uzi sifuri ulioshindiliwa, nachagua sifuri.

Na simenti haisubiri foleni. Kuanzia inapoguswa na maji una kama saa mbili hadi nne za kumaliza kushindilia. Ukichanganyia kwenye kiwanda Tegeta na kazi iko Gongo la Mboto, hesabu kwanza foleni za Mwenge, Ubungo na Tazara. Kushindilia simenti iliyoanza kushika ni kuivunja. Kwa hiyo Dar mantiki iko upande wa kuchanganyia palepale barabarani, kwa mashine inayosaga lami ya zamani na kuichanganya ikiwa inatembea, au kufanya kazi usiku.

Baada ya hapo kuna siku saba ambazo hakuna anayezipenda. Tabaka lazima libaki na unyevu, kwa kumwagiliwa au kwa kupuliziwa utando mwembamba wa bitumeni. Likiachwa wazi juani linapata madhara mawili: linakauka na kupasuka kabla ya wakati, na hewa ukaa inaingia juu na kuirudisha simenti kuwa chokaa dhaifu, hadi uso unasugulika kwa kiatu. Kuna pia ujanja wa bei nafuu kuliko uzi wowote, ulioanzia Austria na kufanyiwa kazi sana Texas: siku moja hadi tatu baada ya kushindilia, unarudisha rola ya mtetemo na kuupasua msingi makusudi, vijiufa vidogo vidogo kila mahali, ili usije ukajipasulia wenyewe ufa mkubwa. Kama bajeti hairuhusu uzi, ningeanza na huo.

Nilimweleza mjumbe yote haya kwa kifupi, tukiwa tumesimama kwenye ukingo wa dimbwi la kushoto. Akaniuliza kwa mtaa wetu ingekuwa mifuko mingapi. Tukapima kwa hatua: urefu kama mita 120, upana mita 4. Kwa sentimita 15 na asilimia 3, mifuko kama 90, bila vumbi la kokoto, bila rola ya kukodi, bila uzi.

"Mifuko tisini," akasema. "Hiyo si banda la wapangaji kabisa?"

Nikamwambia ndiyo, karibu. Akaangalia madimbwi, akaangalia upande wa pili ambako alama ya rangi nyekundu ukutani inaonesha bomba la maji linapopita chini ya njia.

"Na wakija kuchimba bomba?"

Hapo nikanyamaza. Kokoto tupu ukizichimba unazirudisha na kuzishindilia. Msingi wa simenti ukishakatwa mtaro haurudi kuwa kitu kimoja, uwe na uzi au usiwe nao; kingo mbili za mtaro zinabaki nyufa mbili, pana kuliko zote nilizokuwa nimetoka kumweleza.